Magoti ya Mpaka Rangi

Miaka kumi na mmoja Khisa alipaka rangi magurudumu ya watu akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, na mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake nikiziba pancha. Kwa hiyo nayajua magoti yale labda kuliko mkewe. Jioni, ili ainuke, alishika bampa ya gari lililokuwa karibu, akangoja kidogo, ndipo akasimama. Tulimtania, "Mzee, leo umesali sana!" Naye alicheka, lakini kicheko cha mtu aliyechoka hakifiki mbali.

Gereji ilikuwa ya Bwana Harnam, upande ule wa Nakuru ambako upepo wa alasiri huleta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani. Vumbi hilo likiangukia rangi mbichi, kazi imeharibika. Ndiyo maana Khisa alifika alfajiri, akanyunyiza maji sakafuni, na kufikia saa nne awe ameshapaka.

Wateja wake walikuwa watu ambao magari yao yamechakaa na mfuko hauruhusu magurudumu mapya. Aliwahudumia kwa vitu vya bure au vya karibu na bure. Aliosha gurudumu kwa maji moto yenye magadi, akakwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, akasugua kwa msasa, akafuta kwa kitambaa chenye petroli. Mpira wa tairi aliupaka grisi ili rangi ikidondokea hapo ifutike. Matundu ya nati aliyaziba kwa vipande vya gunzi la mahindi, maana rangi ikikaa hapo nati haikazi sawasawa, na gurudumu linaweza kumtoroka mtu kwenye mteremko wa Mau Narok. Rangi yenyewe ilikuwa mabaki ya mikebe, nyeupe ya mlango wa fulani na manjano kidogo ya trekta ya fulani, akaichuja kwa soksi kuukuu. Kisha alishika brashi bila kuitikisa, na kwa mkono wa kushoto akalizungusha gurudumu. Alipaka mara mbili, nyembamba nyembamba. Hungeona alama ya brashi hata moja.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Khisa alisifiwa, akazidi kuliboresha. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililomponza.

Mwaka wa 1958 Bwana Harnam alinunua mashine ya kupulizia rangi. Mtu wa mashine hiyo angefanya kazi akiwa amesimama, na Khisa hakutaka kitu kingine duniani. Aliingia ofisini na kofia mkononi, akaomba. Akaambiwa angoje jibu Jumatatu.

Wiki hiyohiyo akaja Micah, mchuuzi wa viazi kutoka Keringet, na gari kuukuu alilouziwa na Mzungu mmoja. Magurudumu yalikuwa ya buluu iliyobambuka, kutu tupu. Jumapili kwao walikuwa wakifungua kanisa, naye ameahidi kumleta mhubiri.

"Mzee, gari yote siwezi," alisema. "Nifanyie hii magurudumu tu, rangi ya maziwa, watu wasinicheke."

Micah alipoondoka nilimsogelea Khisa.

"Mzee, unajifunga mwenyewe. Kazi yako ni mzuri sana, Bwana hawezi kukutoa hapo chini. Haribu moja. Acha kutu, paka nene. Akiona, atasema mzee amechoka na brashi, apewe mashine."

"Na Micah?"

"Micah atajua nini?"

Khisa alipaka magurudumu matatu vizuri. La nne akalipaka juu ya kutu, na rangi ikachuruzika mpaka kwenye tairi. Nilifurahi, sikufichi.

Alasiri Micah alipita kuangalia. Aliinama kwa kila gurudumu, na kwenye lile bovu akainama kama kwa mengine.

"Asante sana, mzee. Hata mhubiri atafikiri ni gari mpya."

Khisa aligeuka, akajifanya anatafuta kitambaa.

Kesho yake nilimkuta amepiga magoti, amelikwangua lile la nne mpaka chuma. Hasira zilinipanda.

"Mzee, umejimaliza!"

"Nimeshindwa, Kosgei," alisema bila kuinua kichwa. "Yule mtu alinishukuru kwa uchafu."

Akalipaka upya, na lilipokauka hakuna ambaye angelitambua kati ya wenzake. Micah alichukua gari lake Jumamosi, akalizunguka mara mbili kabla ya kuingia. Bwana Harnam alisimama mlangoni akitazama yale magurudumu mpaka gari lilipoingia barabarani.

Jumatatu alituita sote wawili.

"Khisa, kazi kama hii Nakuru mzima hakuna. Nikikutoa, nani atafanya? Kuziba pancha, mtu yeyote anaweza." Kisha akanitazama mimi. "Kosgei, wewe utashika mashine."

Nilitaka kukataa. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tisa, magoti yangu nayo yalikuwa yameanza kuuma asubuhi, na kila siku nilikuwa nikiona mbele yangu mahali yanapompeleka mtu.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Khisa hakunilaumu. Alinifundisha kupima rangi na tina ya kuizimulia, akanionyesha inavyotakiwa kudondoka kutoka kwenye kijiti. Afadhali angenitukana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa gari kubwa la mkulima wa Subukia. Lilitakiwa siku hiyohiyo, kwa hiyo tulilifanya pamoja, mimi bodi, yeye magurudumu. Nilisimama ubavuni nimejifunga kitambaa usoni, nikipuliza. Yeye alikuwa chini yangu, akizungusha gurudumu taratibu kwa mkono wa kushoto. Baada ya muda akaniita, bila hasira yoyote.

"Kosgei, sogea kidogo. Rangi yako inaniangukia."

Nikasogea.