Ovataimu ya Baba

Tulitoka Kigoma na baba yangu tukiwa daraja la tatu la treni, juu ya mbao, madirisha yakiingiza vumbi na cheche za moshi. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari Tabora, nimepata ukarani kwenye maghala ya bandari ya Dar es Salaam, na nilitaka atibiwe katika hospitali kubwa. Njia nzima alikohoa na kusimulia. Kila tulipovuka mahali alipopajua alinishika mkono akanionyesha: hapa tulilala, hapa tuliibiwa, hapa mwenzetu alibaki. Katika ujana wake aliwahi kubeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, katika msafara wa Wanyamwezi. Mimi nilisinzia. Tulishuka asubuhi ya mvua, nikambeba mgongoni sehemu ya njia mpaka Temeke.

Tulipanga chumba katika nyumba ya makuti ya mama mmoja mjane wa Kizaramo, mkali, mwenye kupenda kujua kila sufuria ina nini. Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa kuli wa bandarini, Mzaramo pia, jitu la mabega mapana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Huyu ndiye aliyeileta ovataimu nyumbani.

Bandarini neno lilikuwa na maana moja. Meli ikichelewa kupakuliwa, mzungu alipita akinyoosha kidole, wewe, wewe na wewe, na uliyenyooshewa ulibaki kazini wakati wenzako wanakwenda kula. Ilikuwa fadhila na ilikuwa adhabu, na hukuambiwa ni ipi. Temeke walilichukua wakalivalisha nguo zao. Kanga iliyopauka na bado inavaliwa ilikuwa ovataimu. Majani ya chai yaliyochemshwa jana na leo yakarudishwa jikoni, ovataimu. Mgeni asiyeona kwamba chakula kimekwisha aliulizwa kama ameandikishwa ovataimu. Mume aliyekuwa na mwanamke Keko alimwambia mkewe ana ovataimu, na mke akawaambia majirani kwamba meli ya Keko haina mwisho wa shehena. Palikuwa na binti wa jirani aliyepitwa na umri wa kuolewa. Wanawake walimwita ovataimu kisimani, mbele yake, na yeye akateka maji yake na kuondoka. Mimi neno hilo lilinichefua kila mahali. Nilichoshwa nalo ghalani, na nikirudi nalikuta uani limekaa mkao wa kula.

Hospitali walimrudisha baba. Daktari alisema mapafu yamekwisha, hatafika mfungo. Mfungo ukaja ukapita. Yule kuli alipomkuta barazani akiota jua alimwambia kengele imeshapigwa, mzee, wenzio wametoka, wewe umebaki na ovataimu ya nani? Nilitaka kumrukia. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Akamjibu kwamba ovataimu ina malipo zaidi, Mzaramo mvivu kama yeye atayajulia wapi.

Tangu siku hiyo wakawa hivyo. Walitukanana asubuhi na jioni, mama mwenye nyumba akitia chumvi. Wazaramo hao walituita Wanyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani: hutupiana maneno ambayo mwingine angeyapigania. Nilieleza mara nyingi kwamba sisi ni Waha. Mama mwenye nyumba aliniuliza treni yetu ilipita wapi. Nikasema Tabora. Akasema basi, ubishi wa nini.

Baba alikufa mchana nikiwa ghalani. Nilipofika walikwisha kumwosha na kumvika sanda, wanaume wamejaa uani, jeneza limeshaletwa. Katika ule mji nilikuwa na jambo moja tu la kumfanyia: azikwe kwa heshima, kama mtu. Tulipoliinua jeneza tukakuta mlango umezibwa. Kuli amelala kizingitini. Amevaa koti refu la baba, kofia ya baba, na anakohoa kikohozi chake, kile kile chenye filimbi mwishoni.

"Sitoki mie," alisema. "Ovataimu yangu haijaisha. Mzungu aje mwenyewe anifute."

Uani wakacheka. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakiwatoka. Alidai jogoo, ndipo apishe. Nikamwachia mwenzangu mti wa jeneza, nikamshika yule mtu kwa kola nikamburuta. Mkono wa koti ukachanika begani. Kicheko kikakatika.

"Baba yangu hana utani na wewe," nilimwambia. "Vua nguo za marehemu."

Alikaa chini akanitazama. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi.

"Yeye ndiye aliyeniagiza," alisema. "Alisema, nikifa na Mzaramo asinichezee, nitakuwa nimezikwa kama mbwa."

Mama mwenye nyumba akatoka ukumbini na ubao wa kukunia nazi mkononi. "Baba yako alikuja pwani na mzigo kichwani wewe hujazaliwa," aliniambia. "Utani wake ni wa njia ile. Wewe umekuja umekaa kwenye behewa. Unamkatalia maiti haki yake kwa lipi?"

Nilisema tunatoka. Kuli alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya mkeka, akaondoka. Makuli wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na hao ndio waliokuwa na mabega. Tulibaki wachache. Tulimpeleka makaburini tukipokezana bila kupumzika, na hapakuwa na aliyenisemesha ila aliyesoma dua.

Watu wameniambia tangu hapo, katika miji mingi niliyokaa, kwamba nilikosea. Pengine baba aliagiza kweli. Maneno yale yalikuwa yake kabisa. Lakini waliomcheka mlangoni ndio hao hao waliomcheka yule binti kisimani, kwa neno lile lile, na yeye hakuwa mtani wa mtu. Sijawasamehe.

Siku ya hitima nilipika pilau. Uani kila mtu alisema ameshiba. Usiku ule ule mama mwenye nyumba alituma mtu kuniambia mwezi ukiandama nihame.

Nilihama kabla. Niliacha kazi, nikafunga sanduku, nikamkuta mama mwenye nyumba mlangoni akichambua mchele. Nikamnyooshea ufunguo, nikamwamkia shikamoo. Aliupokea ufunguo, akaendelea kuchambua. Nikaamkia tena, kwa sauti, makusudi, ili nyumba nzima isikie. Akainuka na ungo wake akaingia ndani. Nilijitwika sanduku, nikaenda kutafuta lori la Morogoro.