Riwaya Kuu na Barua ya Transfo

Ndugu zangu, leo asubuhi nimemliza mkuu wa mtaa wetu hapa Katuba, Mama Shefu, kwa barua ya kuomba transfo, ile mashine ya kugawa umeme.

Shukrani ziiendee riwaya ile kuu ambayo wasomi wote huisifu. Niliimaliza Jumapili. Katika kurasa themanini za kwanza hakuna linalotokea isipokuwa ukungu, nami nikaelewa mara moja kwamba huo ndio uandishi wa hali ya juu.

Transfo yetu iliungua wiki tatu zilizopita, barabara nzima iko gizani. Majirani wakanikabidhi kalamu, mimi niliyejifunza uandishi bila mwalimu. Nikawatungia kurasa mbili kamili: ukungu, mjane dirishani, mshumaa unaofifia.

Ofisini kwake, Mama Shefu aliisoma kwa sauti mbele ya foleni. Akavua miwani, akajifuta macho.

Nikanyoosha tai.

"Papa, barua iko muzuri sana. Sasa mulikuwa munaomba nini?"

Niliipitia mara mbili. Neno transfo halikuwamo.

"Bantu wako mu giza, hawana courant, yeye analeta ukungu!" akasema mama mmoja nyuma yangu.

Mama Shefu akanisogezea karatasi nyeupe. "Andika tu: tunaomba transfo. Basi."

Nikaandika, kwa uchungu mkubwa. Muhuri ukagongwa papo hapo.

Zile kurasa mbili amekataa kunirudishia. Anasema atamsomea mume wake.

Wapenzi wa riwaya kuu, pongezi zenu nazipokea hapa chini. Majirani zangu naomba wasiandike chochote.