Pikipiki ya Baba na Honi ya Kuazima

Walisema sitoweza. Kwenye baraza ya mtaa wetu wa Ng'ambo walisema hivyo nilipoondoka kwenda kusoma Ulaya, na niliporudi na diploma ya ufundi wa mitambo maneno yao wakayahamishia kwenye pikipiki ya baba.

"Diploma anayo," alisema seremala, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, "lakini mashine ile imemzidi umri. Mkaguzi wa magari akiiona atacheka mpaka akae chini."

Nilizaliwa Bwejuu, nikajisomesha kwa kuuza kamba za makumbi ya nazi, na nauli ya kwenda Ulaya niliitafuta mwenyewe. Tangu hapo sijaona kazi ya chuma iliyonishinda. Nayasema haya bila ya kuona haya.

Pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, nzito, baba aliinunua kabla ya Mapinduzi alipokuwa karani bandarini. Nilipokuwa nje ilishindwa ukaguzi wa mwaka, ikaegeshwa uani, kuku wakaifanya pahala pao pa kulala. Baba mwenyewe magoti yalikuwa yameshamkataa. Kutoka kitandani mpaka barazani alikwenda kwa mkongojo, akipumzika njiani. Hakuwa na haja tena ya kupanda pikipiki, ila kwa jambo moja. Dada yake mkubwa, shangazi yangu aliyenilea, alikuwa mgonjwa Bwejuu, na habari tulizoletewa ni kuwa akili yake inakuja na kuondoka. Gari la abiria la shamba siku zile lilikuwa likiishia Paje, na kutoka pale ni mchanga. Kwa pikipiki, maji ya bahari yakishatoka, ungepita ufukweni mpaka mlangoni kwa shangazi.

"Nataka anione wakati bado ananijua," baba aliniambia.

Basi kazi yangu ikawa hiyo. Bila ya cheti cha ukaguzi tusingevuka hata nusu ya njia. Askari wangeng'oa namba wakatuacha na chuma chetu. Na vipuri havikuwapo. Maduka ya Wahindi yaliyokuwa yakiuza vitu hivyo yalikuwa yamefungwa, na yaliyobaki yalikuwa na rafu tupu. Nilichukua breki za lori bovu, nikazichonga kwa msumeno na tupa, nikazigongea misumari ya ribiti mmoja mmoja. Ekzosi iliyooza niliikata nikaiunga upya. Injini niliishusha yote. Ilipowaka, seremala alichungulia juu ya ukuta na randa mkononi.

Lakini yapo mambo ambayo diploma haiyatengenezi. Taa ya mbele ilikuwa haina kioo, honi ilikuwa imekufa, tairi la nyuma lilikuwa kipara. Hapa nilifuata desturi ya mtaa. Pikipiki kongwe za mjini ziliitwa ukaguzi kwa zamu, si siku moja, kwa hiyo kitu kizima kimoja kilitosha wengi. Ukienda kukaguliwa unaazima, ukirudi unarudisha siku ile ile kabla ya magharibi. Hakuna aliyetoza, na hakuna aliyenyimwa. Taa alinipa seremala huyo huyo. Tairi nilipewa na mzee mmoja wa Kiarabu wa Mji Mkongwe, aliyekuwa na mashamba ya karafuu zamani. Pikipiki yake ilikuwa imepandishwa juu ya mawe ukumbini, na alinambia nichukue tu, yeye hana tena pa kwenda. Honi ilikuwa ya fundi cherehani, na ilijulikana Ng'ambo nzima, maana ilikuwa na sauti ya bata aliyekabwa.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa njia ya Mtoni. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa muuza samaki na kipikipiki chake kilichojaa kutu ya chumvi. Mkaguzi alimbonyezea honi, kimya.

"Kaka," muuza samaki akanigeukia, "nnakuomba hiyo yako. Leo nikikosa, watoto watakula nini?"

Kwa desturi yetu huwezi kukataa. Niliifungua, nikamfungia. Mkaguzi alikuwa ameshageukia gari jingine. Aliporudi akabonyeza, bata akalia, na foleni nzima ikacheka.

"Bata huyu namjua," alisema mkaguzi. "Jumatatu alikuja na mwalimu, jana na muuza maziwa. Hachoki?"

Naye alikuwa akicheka. Ilipofika zamu yangu nikairudisha honi kwangu mbele yake, nikidhani mambo yamekwisha. Aliipanda pikipiki, akazunguka uwanja, akakamata breki mpaka vumbi likaruka.

"Nani katengeneza breki hizi?"

"Mimi."

"Mwaka huu sijaona breki kama hizi." Halafu akashusha sauti. "Lakini ndugu yangu, honi nimeiona ikitoka huku ikenda kule, na watu wote wameona. Nikinyamaza, kesho kisiwa kizima kitakuja hapa na honi moja. Rudini mwezi ujao, wewe na mwenzako."

Sikumlaumu. Wala sijutii kumpa honi muuza samaki. Nisingempa, ningerudi vipi kukaa Ng'ambo? Nyumbani baba aliniuliza kitu kimoja tu.

"Breki zimepita?"

"Zimepita, baba."

"Basi mwezi ujao."

Mwezi uliofuata niliazima tena vitu vile vile, nikapita bila ya neno. Fundi cherehani alituruhusu tusirudishe honi siku ile, na wengine wakasema hivyo hivyo, tukaondoka moja kwa moja, baba nyuma yangu amenishika kiunoni, mkongojo umefungwa ubavuni. Mashine haikukohoa hata mara moja. Watu wa Paje walitoka kuitazama, nami nikapunguza mwendo ili waione vizuri.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Alimtazama baba akishuka kwa tabu, akaiweka sawa kanga yake kama anayepokea mgeni wa heshima.

"Shikamoo," alimwambia.

Shangazi ndiye mkubwa. Maisha yake yote baba ndiye aliyekuwa akimwamkia. Baba alisimama pale na mkongojo wake, kisha akajibu, kwa sababu alikuwa hana la kufanya.

"Marahaba."

Mtoto wa shangazi alitwambia kuwa mwezi uliopita alikuwa akimuulizia baba kwa jina kila asubuhi. Injini niliifufua, breki nilizichonga kwa mikono hii, lakini mwezi ule mmoja ndio uliotushinda.

Tulirudi mjini, na kesho yake nilirudisha vitu vya watu, na baba alitaka kwenda nami kila mlango, ashukuru mwenyewe. Nilimpakia tukaenda hivyo hivyo, pikipiki ikipungukiwa kitu kila mlango. Mzee wa Mji Mkongwe alituagiza tairi lake tulilete mwisho, tukishafika nyumbani, tusije tukakwama. Seremala alipokea taa yake, akanipa mkono, akasema, "Haya, umetushinda." Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka, nami nikageuka nikampandisha baba tena.

Fundi cherehani alikuwa kwenye mashine yake, uzi mdomoni.

"Mzee, sasa mambo yenu mazuri. Kila Ijumaa Bwejuu!"

"Tutakwenda," alisema baba. "Hatuna tena haraka."

Nikachutama, nikafungua nati, nikamkabidhi honi yake.