Hori la Bibi Harusi Lililolia Paa

Haya ni kweli tupu. Nikiwa nimetia hata chembe moja ya chumvi, ulimi wangu ukauke kama gome.

Nimeona harusi ikisimama kwa sababu ya ufa. Na aliyekuwa anacheka kimoyomoyo ni mimi.

Mto Olt ulifurika, ukatuletea gogo la mjozi. Mimi na jirani yangu Dumitrache tukalivuta, tukalipasua katikati, kila mtu na nusu yake.

Binti yake, Anghelina, alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu. Kwetu bibi harusi haingii kwa mkwe bila hori la kukandia mkate alilochonga baba yake. Likipasuka, wanasema na nyumba itapasuka.

"Kaka Iordache," akaniambia, "tangu ustaafu kazi ya reli unachonga tu. Nifanyeje lisipasuke?"

Huyu huyu aliwahi kuliita bakuli langu kofia ya punda, mbele za watu!

"Acha kiini ndani," nikamwambia. "Ndiyo roho ya mti. Ukimaliza, litundike juu ya jiko."

"Kweli, kaka?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Mchongaji yeyote anajua: kiini unakitoa, unachonga mti ungali mbichi, halafu unauzika kwenye maranda yake ukauke taratibu. Moto ni kifo.

Siku ikafika. Anghelina akaliweka hori mbele ya mkwewe, Mama Paraschiva.

PAA! Ufa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Binti wa watu akajifunika uso kwa shela. Bwana harusi akaangalia viatu vyake. Dumitrache akapiga magoti, akalibana kwa viganja kama mtu anayeziba jeraha.

Mimi nikajikohoza nisicheke.

Mama Paraschiva, kumbe mtoto wa mchongaji, akapitisha kidole kwenye ufa. "Kiini hiki. Nani kakufundisha, baba Anghelina?"

"Kaka Iordache. Aliapa kwa kaburi la mama yake."

"Kaburi lipi?" akauliza mama yangu kutoka meza ya pili, mfupa wa kuku mdomoni.

Nikainama chini ya meza kama niliyeangusha uma.

Mke wangu Safta akanimalizia: "Na hori lake, alilochonga kwa nusu yake ya gogo, limezikwa kwenye maranda ghalani. Zima kama yai!"

Wakalileta. Mama Paraschiva akanikabidhi koleo lililobana msumari uliotoka motoni.

"Andika jina la mchongaji."

"Iordache?"

"Dumitrache. Na usikosee herufi, mzee, supu inapoa."

Nikaandika, moshi ukiniingia machoni. Anghelina akalibeba, harusi ikaendelea.

Ndugu zangu, ukimfundisha mwenzio vibaya makusudi, kazi yako bora ndiyo itakayolipa.

Sasa kijiji kizima kinamsifu fundi Dumitrache. Juzi kanipigia hodi.

"Kaka, chukua tezo yako, njoo nikufundishe."

Safta akanifungulia mlango.

Nikaenda.