Siku Tatu za Maji

Pimamaji alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu: sakafu ya bafu ikishapakwa dawa ya kuzuia maji, tundu la kutolea maji linazibwa, bafu linajazwa hadi kwenye kifundo cha mguu, na maji yanakaa siku tatu. Kila asubuhi unapigwa mstari wa chaki ukutani pale yalipofika. Mistari mitatu ikilaliana, wekeni vigae. Ikipishana, rudini mwanzo.

Jina hilo la Pimamaji alibandikwa na mafundi, naye hakulichukia. Kampuni ya ukarabati aliianzisha na mdogo wake wa kiume, ndugu pekee aliyebaki naye baada ya wazazi kufariki. Dada alitafuta kazi na kuzikagua, mdogo mtu alisimamia mafundi. Miaka kumi na moja hawakuwahi kurushiana maneno mbele ya mteja.

Siku ya tatu ya maji alipanda ngazi za nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu kukagua mistari. Alikuta mmoja tu, na vigae vimeshafunika nusu ya sakafu.

"Maji yako wapi?"

Mdogo wake hakuinua kichwa. "Tumeyafungulia, dada. Jana yalikuwa palepale, hayajashuka hata unywele."

"Mstari wa jana uko wapi?"

"Nilitazama kwa macho. Mimi si mtoto."

"Macho yako hayaachi alama ukutani."

Mwalimu alitokea mlangoni na ndala zake. "Mimi ndiye niliyemkimbiza, mwanangu. Nina wageni Jumamosi. Na vimependeza, hebu tazama."

"Mwalimu, chumba cha chini hapa analala nani?"

"Mama yangu. Hatoki kitandani siku hizi."

Pimamaji akachukua nyundo. Fundi mmoja alicheka akidhani bosi anatania, kicheko kikamkauka. Kigae cha kwanza kilipasuka katikati.

Mdogo wake alisimama, saruji ikidondoka kwenye glavu zake. "Unanidhalilisha mbele ya watu wangu?"

"Watu wako tangu lini? Hawa wanalipwa kukaa siku tatu. Wewe umewafundisha kukaa moja na kusema uongo kwa mbili."

"Ungeniita pembeni, dada. Ungesema ving'oke, ningeving'oa kwa mikono yangu."

"Pembeni ndiko mnakopikia uongo wenu."

Akaendelea kuvunja. Vipande viliruka hadi kwenye ndala za mwalimu, na dawa ya chini nayo ikachanika, hivyo hakuna atakayejua kama sakafu ile ingevuja. Mdogo wake alivua glavu, akaziweka juu ya ndoo, akashuka ngazi. Mafundi wanne walimfuata.

Pimamaji alipaka dawa upya, akajaza maji, akapiga mistari mitatu kwa mkono wake. Ililaliana. Kuhusu maji alikuwa na haki, na anayetaka kubishana na hilo akamuulize bibi anayelala chumba cha chini. Lakini vigae vingeweza kung'olewa bila mtu kuvunjiwa heshima, na hilo alilijua kabla nyundo haijapoa.

Huu ni mwaka wa nne hawasemeshani. Mdogo wake ana kampuni yake mtaa wa pili, na mtoto aliyemzaa baadaye hamjui shangazi yake.