Mwenyekiti wa Mbuzi Aichambua Timu Yetu

Leo nimefundishwa besiboli na mtu anayesinzia kabla mechi haijafika katikati.

Tuko picnic ya kanisa hapa Woodbury, huku ughaibuni. Shemeji Kamau, mwenyekiti wa kamati ya chakula, amesimama na sahani yake akitukana timu yetu ya besiboli.

"Wachoyo! Wanapewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji wapya, halafu wanachukua kijana wa bei rahisi!"

Nikamwambia ligi imewawekea kikomo cha pesa za kusaini vijana wapya. Wakikipita sana, wananyang'anywa nafasi ya kuchagua mwaka ujao. Kwa hivyo wamebana pesa kwa huyo wa kwanza, ndio wamlipe vizuri yule wa high school waliyemchukua baadaye. Bila hela ya maana, huyo anaenda zake college.

Akacheka. Ati mimi ni nesi tu, nirudi kwa wagonjwa wangu.

Haya.

Dada yangu, mkewe, akasema bila hata kuinua kichwa, "Kamau, si ulipewa bajeti, ukatununulia mapaja ya kuku ya frozen ndio pesa za mbuzi zitoshe?"



Sote tukaangalia sahani ya mtaalamu. Mbuzi tupu.

Niambieni, nimpelekee paja moja?