Siku Nilipombeba Shosho na Jagi la Uji

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo nikiikumbuka hadi leo nacheka peke yangu jikoni, hadi watu wa nyumba wanaanza kuniuliza kama niko sawa. Ni ile asubuhi niliyommwagia punda wa watu uji pale Gitothua, Ruiru, huku nimembeba mama mzee mwenye heshima zake. Nimeona nikuambie kwa sababu jana ulipita hapa kwetu Kamenu na pikipiki yako mpya, ukikata kona utadhani unafukuzwa na nyuki, nami nikashikwa na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha, kwa sababu utamu wake naujua. Hiyo hofu ndiyo imenifanya nikuite. Mimina chai, ukae vizuri.

Wakati huo sikuwa huyu mama wa magoti mabaya unayemwona. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye mdomo wake. Kazi yangu ilikuwa kufulia watu nguo kwenye ploti za nyumba za kupanga za Ruiru, na sabuni ilikuwa imenila vidole mpaka kushika chumvi ilikuwa mateso. Baba Wachira, mume wangu, alikuwa amepata kazi ya kuendesha lori la mchanga, akaacha pikipiki yake imeegemea ukuta, imefunikwa gunia. Niliiangalia hiyo pikipiki, nikaiangalia tena, hadi jioni moja nikamwambia, "Baba Wachira, hii kitu inaoza hapa na mimi naozea kwa karai. Nifundishe." Alicheka hadi akakaa chini. Lakini alinifundisha, na sijawahi kumlipa fadhila hiyo kikamilifu.

Kuwasha, klachi, gia, hayo yote niliyashika upesi. Lakini mwendo, mwanangu! Mara ya kwanza nilipotia gia ya tatu kwenye ile barabara ya katikati ya mashamba ya kahawa, upepo uliingia kwenye sweta ikafura, machozi yakanitoka yenyewe ndani ya helmeti, nami nikaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti yangu yote. Wachumaji kahawa waliinua vichwa wakanipungia mikono. Sikutaka ile barabara iishe. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wageni wa pikipiki hudanganyika. Macho huzoea haraka. Wiki ya kwanza gia ya tatu unaiona kama kifo, wiki ya pili unaona kama unatambaa, na mwendo ni uleule. Mimi nilizoea mwendo, nikaongeza, nikazoea tena, nikaongeza. Kusimama hata sikukufikiria.

Na pale steji, kwenye kituo cha pikipiki za kubeba watu, kulikuwa na neno moja ambalo kila mgeni aliambiwa hata kabla hajasalimiwa vizuri: usiguse breki ya mbele. Ati breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani. Kila mmoja alikuwa na binamu yake aliyerushwa, na huyo binamu kila mara aliishi mbali ambako huwezi kwenda kumuuliza. Basi wengi walikuwa wanamwambia fundi alegeze waya wa ile breki kabisa, kile kishikio kibaki pambo. Nami kwa ujuaji wangu nikalegezewa yangu. Nikabaki na breki ya nyuma, ile ya mguu, na hiyo ikinishinda nilikuwa na viatu. Ndiyo, viatu! Nilikuwa nasimamisha pikipiki kwa kuburuta miguu chini. Soli zangu ziliisha mpaka vijana wakaniita Mama Soli, na mimi nikadhani ni sifa.

Nilitaka kuingia steji, nibebe wateja kama wengine, niache karai. Lakini steji ile ilikuwa na mtihani wake, uliitwa kubeba uji. Palikuwa na Shosho Wairimu, bibi mzee aliyeuza uji pale kando ya steji tangu kabla pikipiki hazijajaa mjini. Mwenyekiti wetu, Mzee Githinji, aliweka sheria kwamba kila mgeni ambebe Shosho hadi sokoni na kumrudisha, naye Shosho awe ameshika jagi la uji lililojaa hadi mdomoni, bila kifuniko. Uji ukirudi ndani ya jagi, wewe unavalishwa rifleketa, ile fulana ya kung'aa ya steji. Ukimwagika, umeanguka mtihani. Na Shosho siku ya mtihani alikuwa anavaa nguo zake za Jumapili kwa makusudi, kitambaa cheupe pe kichwani, ili mkono wako utetemeke vizuri.

Wanaume wengine hawakunitaka. Kulikuwa na mmoja, Kanyi, aliyekuwa na sauti kuliko wote, akasema mwanamke apewe nafasi mbili tu, akishindwa arudi kwa nguo zake, tusisumbuliwe. Mzee Githinji alikuwa amechoka na kelele, akakubali. Kwa hivyo uelewe vile nilikuwa. Nikipita, naanza maisha mengine. Nikianguka mara mbili, nitafua nguo za watu mpaka nizeeke.

Asubuhi ya mtihani Shosho alipanda, akajipanga, akanigonga begani. "Twende, maitu, mama yangu. Na usinipeleke mbio, mimi sina haraka ya mbinguni."

Nilienda vizuri, Mungu anajua. Tulipita maduka, tukapita kanisa, watu wakitupigia makofi. Basi kichwa kikavimba kidogo. Kwenye ule mteremko wa kuelekea sokoni nikaona barabara tupu mbele yangu, nikaachilia mwendo. Na hapo ndipo mkokoteni wa punda wenye mitungi ya maji ulipotoka kwenye kichochoro, ukasimama katikati ya barabara. Woi! Nilikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likafunga, pikipiki ikaanza kutembea upande kama kaa, nikashusha miguu, soli zikalia, tukasimama hatua moja kutoka kwa punda. Lakini uji haukusimama. Uliruka juu ya bega langu, nusu ukampata punda mgongoni, nusu ukarudi kwa Shosho na kitambaa chake cheupe. Punda alisimama tu, akageuza shingo, akajilamba. Mwenye mkokoteni akauliza kama kuna sukari.

Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Nilijua Shosho atanitukana mbele ya soko zima. Alishuka polepole, akajipangusa uso, akaja mbele ya pikipiki. Akakibonyeza kile kishikio cha breki ya mbele. Kikaingia chote bila ubishi.

"Nani alifungua hii?"

"Fundi, Shosho. Wamesema inarusha mtu."

"Wamesema." Akakiachilia kishikio. "Wewe, sikiliza. Mimi sijui kuendesha hata baisikeli. Lakini makalio yangu yamebebwa na kila mtu wa hii steji, na yanajua nani ana breki mbili na nani ana moja. Huyu wa moja hunitupa mgongoni kwake kila mahali pa kusimama. Umefundishwa kukimbia na ukalipenda somo. La kusimama nani alikufundisha? Viatu?"

Nikatazama soli zangu. Mwanangu, ukigombezwa na mtu mwenye uji kwenye nyusi ndipo utajua aibu ni nini.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akapanda tena nyuma, akasema, "Kwanza nirudishe nikaoge. Kisha tupitie kwa fundi. Kesho jioni uje pale kiwanjani."

Fundi alikaza waya huku akinung'unika. Na kuanzia kesho yake Shosho akawa ananingoja kiwanjani, ameketi kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini, patipati moja ameivaa na nyingine ameitupa mbele yake kwenye nyasi. "Njoo kutoka kule. Simama kwa patipati." Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Mara ya kwanza niliipita patipati kabisa. Mara ya pili nilishika breki ya mbele ghafla, kwa woga, pikipiki ikachuchumaa mbele, nikapiga kelele, "Unaona? Inarusha!"

Shosho hakuinuka. Aliuliza, "Wewe ni wa wapi?"

"Gatundu."

"Kwenu mlikuwa na ng'ombe?"

"Tulikuwa nao."

"Ulikuwa unakamua?"

"Kila siku."

"Sasa ng'ombe ukimvuta chuchu ghafla hivyo anakufanya nini?"

Haiya! Anakupiga teke, unabaki na ndoo kichwani! Nilicheka mpaka nikazima injini. Nikarudi kule mwanzo, nikaja tena, safari hii nikafunga mafuta kwanza, mguu ukagusa breki ya nyuma, na vidole vya mkono wa kulia vikaminya polepole, nguvu ikiongezeka kidogo kidogo, vile nilivyokuwa nikikamua nikiwa msichana. Pikipiki ikatulia ikashuka kama mtu anayekaa kitini. Nikatazama chini. Patipati ilikuwa mbele ya gurudumu, haijaguswa. Nilishuka nikamkumbatia Shosho na helmeti yangu kichwani, nikamgonga paji la uso, akanifukuza na ile patipati.

Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni. Akiona nimesimama vizuri, aliniambia nije na mwendo kidogo zaidi, nami nikagundua kila nikiongeza mwendo, patipati inahitaji kuonwa mapema zaidi. Hiyo ilinishtua. Ukiongeza kidogo tu, mahali pa kusimama panasogea mbali sana. Akanimwagia maji kwenye nyasi nione linavyoteleza gurudumu. Akanipeleka kwenye barabara ya marram yenye changarawe nijifunze kuminya mbele kwa upole na kumaliza breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Viatu vyangu vikaanza kudumu.

Siku ya mtihani wa pili steji ilijaa. Kanyi alikuwa amekuja na mahindi ya kuchoma kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Shosho akapanda, kitambaa kimefuliwa kimenyooka, jagi limejaa. Tukaondoka. Niliimba kimoyomoyo tu, wimbo wenyewe nimeusahau, nikienda mwendo ambao niliweza kuuona mwisho wake. Tulipofika uleule mteremko, lori la mawe ya ujenzi likaanza kurudi nyuma kutoka kwenye ploti, bila honi, bila mtu wa kuelekeza, likaziba barabara yote.

Nakuambia ukweli, nilisikia moyo ukisimama. Lakini mkono haukungoja moyo. Mafuta yakafungwa, mguu ukagusa, vidole vikaminya, vikaminya, vikaminya. Tukasimama. Hakuna kilicholia wala kilichoteleza. Nyuma yangu kulikuwa kimya kabisa, kimya cha kutisha, nikadhani nimemwangusha mama wa watu njiani bila kujua. Niliogopa hata kugeuka.

"Shosho? Shosho, uko?"

"Niko," akasema. "Usinisumbue. Nakunywa uji."

Mwanangu, nilipiga vigelegele! Nilipiga vile vitano ambavyo kwetu hupigiwa mtoto wa kiume akizaliwa, katikati ya barabara, dereva wa lori akashuka kuuliza ni nani amezaa. Tuliporudi steji Shosho aliinua jagi juu kila mtu aone. Lilikuwa limepungua, ndiyo, na Kanyi akaruka, "Umemwagika! Uji umepungua!" Shosho akamwambia, "Umepungua kwa sababu mtu amenibeba vizuri hadi nikasikia njaa. Wewe umewahi kunibeba hata nikakumbuka kuwa nina tumbo?" Steji nzima ililala chini kwa kicheko. Mzee Githinji akanivalisha rifleketa mwenyewe. Na jioni ile Kanyi alionekana kwa fundi, amesimama kando kando, akingoja watu waishe ndipo amwambie fundi amkazie breki ya mbele. Nilimuona. Nikapita zangu, ingawa nilitaka sana kusema kitu.

Basi hayo ndiyo niliyokuitia. Sikuambii usikimbie. Mimi mwenyewe nilikimbia na nikaimba, na nikipata nafasi kwa barabara nzuri ya kwenda Witeithie bado naachilia kidogo, magoti yakikubali. Ninachokuambia ni kwamba kila jioni kwa hizi wiki za kwanza, tafuta mahali patupu, weka kitu chini, ujifunze kukifikia bila kukikanyaga. Breki zote mbili, kwa pamoja, kwa kuminya. Mtu akikuambia ulegeze ya mbele, mpe pole ya binamu yake na uendelee na safari. Na siku utakayoona mwendo umekuwa mdogo machoni mwako, jua ni macho yamezoea, barabara haijabadilika, upunguze. Aliye nyuma yako amekukabidhi mifupa yake yote bila hata kukuuliza jina. Mbebe hivi kwamba akili yake itaenda kwa mambo yake, kwa njaa yake, kwa watoto wake, asikumbuke kuogopa.

Sasa inama hapa, nikuwekee mkono kichwani. Mungu akutangulie kila kona usiyoiona. Akupe mvua ya shambani na akunyime ya barabarani. Mikono yako iwe na subira hata siku moyo wako utakapoikosa. Uzeeke ukiendesha, mwanangu, uzeeke sana, hadi wajukuu wakuombe ushuke na wewe ukatae.